Mbwa wangu ananikokota njiani: ninunue kamba gani?

SWALI: Habari mwalimu. Nina mbwa jike, chotara, miezi 10, kilo 24. Tangu akiwa mdogo namtembeza kwa kamba ya kujikunja ya mita 5, ile yenye kiboksi cha plastiki na kitufe, nikiamini anahitaji uhuru wake. Sasa ananikokota tangu tunatoka getini mpaka tunarudi. Bega linauma, na juzi kamba ilinichubua nyuma ya goti. Jamaa mmoja ananishauri nimvishe cheni ya kukaba ili ashike adabu. Ninunue kamba gani, na niitumieje?

JIBU: Salama, na pole kwa goti. Cheni tuiweke kando kwanza, tuanze na hicho kiboksi, maana ndicho kilichomfundisha mbwa wako kuvuta.

Ndani yake kuna springi inayoirudisha kamba muda wote, kwa hiyo kamba haijawahi kulegea hata sekunde moja. Mbwa wako hajui kwamba kamba ina hali mbili, ya kukaza na ya kulegea. Tena kila akisukuma kifua mbele anaongezewa mita nyingine. Amelipwa kwa kuvuta tangu utotoni, na somo amelishika barabara.

Uzi wa kamba hizo ni mwembamba. Ukipita kwa kasi juu ya ngozi unaunguza, kama ulivyoona, na ukijizungusha kwenye kidole unaweza kukikata. Kiboksi kikikuponyoka kinaburuzika nyuma ya mbwa kikigonga-gonga chini, naye anazidi kutimua mbio akidhani anafukuzwa. Kwa mbwa mzee, mtulivu, kwenye uwanja wazi, sina ugomvi nazo. Kwa mbwa anayejifunza, ziache dukani.

Nunua kamba bapa ya kawaida, mita 1.8 hivi. Urefu huo unamwacha apige hatua mbili pembeni kunusa bila kamba kukaza, na si mrefu kiasi cha kumnasa miguu. Penye watu wengi mita 1.2 inatosha. Kwa uzito wake chukua upana wa sentimita 2. Ile ya sentimita 1 ni ya mbwa wadogo, na mkononi mwako itakata kiganja.

Nailoni ni imara na bei yake nafuu, ila ikichomoka mkononi inaunguza. Ngozi ndiyo ninayoipenda mwenyewe: kadiri inavyotumika ndivyo inavyolainika. Lakini inataka kupakwa mafuta, haipendi kulala imelowa, na mbwa wa miezi 10 anaweza kuiona ni kitoweo. Kama yupo karibu na maji na matope kila siku, kuna kamba za poliesta zilizofunikwa plastiki laini. Hazinywi maji, unazifuta kwa kitambaa tu. Mnyororo ni mzito na unaumiza mkono, haukusaidii.

Kabla hujalipa, kagua kulabu. Ibonyeze kwa gumba, uachie: ulimi wake urudi wenyewe mpaka mwisho, bila kusita. Kisha tazama pale mkanda ulipokunjwa kushika kulabu. Mshono mzuri una umbo la kisanduku chenye msalaba ndani. Mstari mmoja wa uzi hapo haumfai mbwa wa kilo 24.

Sasa hiyo cheni. Inafanya kazi kwa kubana koo, penye bomba la hewa na mishipa ya damu ya kichwa. Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2006 ulipima presha ya ndani ya macho ya mbwa: ilipanda walipovuta kwa kola ya shingoni, lakini haikupanda kwa namna hiyo walipovaa hanesi, yaani mikanda inayozunguka kifua na mgongo badala ya shingo. Na hiyo ilikuwa kola tu, si cheni. Kwa mbwa wa pua fupi kama Pug, au wadogo wenye koromeo dhaifu kama Yorkshire Terrier, ningekataa hata kola kama wanavuta.

Mvishe hanesi yenye pete mbili, kifuani na mgongoni. Pete ya kifuani inamgeuza ubavu akivuta, nguvu inampungukia. Ya mgongoni inamruhusu aegemeze uzito wake wote. Mbwa wanaokokota sleji, kile kigari cha kuteleza juu ya theluji, hufungwa kwa nyuma kwa sababu hiyo hiyo. Vidole viwili vipite chini ya kila mkanda, na kwapani pasiwe na msuguano. Kola ibaki shingoni kwa ajili ya kidani chenye namba yako ya simu.

Kushika: gumba lipite kwenye kitanzi, kisha funga ngumi juu ya kamba. Usiizungushe kamba kwenye kifundo cha mkono, kwani akichomoka ghafla hutaweza kuiachia. Mkono wa pili ushike kamba ya ziada.

Mafunzo yaanzie ndani ya nyumba, ambako hakuna cha kunusa wala cha kufukuza. Katakata nyama vipande vidogo kama ukucha wa kidole cha mwisho. Piga hatua moja, na akiwa ubavuni kwako huku kamba inaning'inia, mpe kipande. Angalia unampa wapi: ukimpa mbele yako atazoea kukaa mbele; ukimpa kwenye mshono wa suruali, ataupenda mshono wa suruali. Ongeza hatua mbili, kisha tano. Dakika 5 zinatosha, pumzikeni.

Nje, kamba ikikaza, simama. Usivute, usimgombeze. Mkono ubaki kiunoni, maana ukinyooka tu umeshamwongezea nusu mita. Subiri. Atashangaa, atageuza kichwa au atarudi hatua moja. Kamba ikilegea, endelea papo hapo. Siku za mwanzo kutoka mlangoni mpaka getini patakuwa safari ndefu, na majirani watakutazama. Wazoee.

Kinachoharibu kazi hii ni kubahatisha. Akifanikiwa kukuvuta mpaka kwenye mti mara moja katika kumi, atajaribu zote kumi. Ndiyo maana kila anayemtembeza pale nyumbani lazima afuate utaratibu mmoja. Siku una haraka na huwezi kusimama-simama, funga kamba kwenye pete ya mgongoni. Mbwa hutofautisha, na pete ya kifuani inabaki kuwa ya darasa. Mti nao utumie: hatua chache kamba imelegea, kisha mwambie "haya, nusa", umwache anuse hadi atosheke. Kunusa kwake kuna thamani kuliko kilomita.

Mkikutana na mbwa mwingine, pinda njia mpite kwa mzunguko. Watu wengi hukaza kamba wakati huo huo, na mbwa aliyebanwa asiweze kurudi nyuma ndiye anayebweka kwa hofu.

Uhuru uliokuwa unamtafutia utaupata kwa kamba ndefu ya mafunzo, mita 10, nyepesi, isiyo na springi wala kitanzi mwishoni, maana kitanzi hunasa kwenye visiki. Itumie uwanjani kumfundisha kuja anapoitwa. Ifunge mgongoni tu: mbwa akifika mwisho wa mita 10 kwa mbio, mshtuko ule usimfikie shingoni. Vaa glavu, iache iburuzike, na ukitaka kumzuia ikanyage kwa kiatu badala ya kuidaka kwa mkono.