Muulize Fundi: Plagi iliyoruka njiani

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni dereva wa bodaboda hapa Korogwe. Pikipiki yangu ni ya Kichina, cc 150, injini ya mtindo wa CG. Mwezi uliopita nilibadilisha plagi kijiweni. Injini ilikuwa ya moto na abiria ananisubiri, kazi yote haikuzidi dakika tatu. Wiki mbili baadaye napandisha kilima, nikasikia mlio kama tairi limepasuka, injini ikazima. Kushuka, naona plagi imeruka, inaning'inia kwenye waya wake. Tukiirudisha inazunguka tu, haikazi. Fundi anasema plagi ilikuwa feki na sasa ninunue silinda hedi mpya. Ni kweli? Na siku nyingine niifunge vipi mwenyewe?

JIBU: Marahaba mwanangu, pole na kilima. Plagi feki zipo, tena tele, lakini ubaya wao mkubwa ni kukunyima moto au kupasuka ile kaure nyeupe. Ni mara chache plagi feki kutafuna nyuzi za hedi. Nyuzi zako zimetafunwa na spana, na spana haijizungushi yenyewe.

Mwili wa plagi ni chuma, hedi ni alumini. Plagi ikianza kuingia imeinama kidogo, chuma hakikubali kushindwa, kinajichimbia njia yake mpya ndani ya alumini. Mkononi unahisi inakaza, unadhani imekaa. Imeshika nyuzi mbili tatu zilizojeruhiwa, na kila pistoni inapopanda inasukumwa kutoka ndani. Siku ukipata mlima na mzigo, inaaga.

Najua kwa sababu nilishafanya hivyo mimi. Mwaka 1994 bwana shamba mmoja aliniletea Honda CG 125 saa saba mchana, injini inachoma, naye ana mkutano wa wakulima. Nikaichomeka plagi ndani ya spana, spana nikaipeleka tunduni, nikaanza kuzungusha. Duru moja tu ikawa nzito. Badala ya kurudi nyuma nikasema, ngoja nimalizie. Ukaja mkwaruzo ule ambao kiganja kinausikia kabla ya sikio, halafu spana ikawa laini ghafla, kama unakoroga uji. Bwana shamba hakwenda mkutanoni. Nilimtengenezea bure hadi mavuno.

Tangu hapo spana yangu haigusi plagi mpaka vidole vimemaliza kazi. Fanya hivi. Acha injini ipoe hadi uweze kuishika kwa kiganja bila kukitoa. Kabla ya kufungua plagi ya zamani, puliza vumbi kwenye shimo lake. Pampu ya baiskeli inatosha, au mwombe fundi pancha akupulizie. Mchanga ukidondoka mle ndani unasaga silinda na ringi, na hapo utanitafuta kwa barua nyingine.

Ukiitoa, chungulia kama washa ya zamani, ile pete ya chuma inayokaa chini ya plagi, imetoka nayo. Wakati mwingine inang'ang'ania kwenye kiti chake, mtu anaweka plagi mpya yenye washa yake juu ya ile, zinakuwa mbili, na plagi haifiki inapotakiwa. Kisha shika plagi mbili pamoja, ya zamani na mpya, uzilinganishe urefu wa nyuzi. Injini yako kwa kawaida hutumia plagi ya NGK yenye namba D8EA: nyuzi za milimita 12 kwa upana, urefu milimita 19, spana namba 18. Muuza spea akikupa fupi kwa kuwa "zote ni za pikipiki", nyuzi za ndani zinabaki wazi zinajaa masizi, na siku ukirudisha plagi sahihi inakwama katikati. Ndefu kuliko inavyotakiwa ni hatari zaidi, inaweza kugongwa na pistoni.

Pima mwanya, milimita 0.6 hadi 0.7. Huna kipimo? Mgongo wa blade ya msumeno wa chuma, upande usio na meno, unakaribia hapohapo. Pinda ule mkono wa pembeni tu, taratibu. Ncha ya katikati usiiguse.

Sasa siri yenyewe. Kata kipande cha mpira wa petroli, urefu wa kiganja, ukichomeke kwenye kichwa cha plagi. Ishushe tunduni, zungusha kwanza kinyume, kama unafungua, mpaka uhisi inadondoka "tk" kidogo. Hapo mwanzo wa uzi wa plagi umekutana na mwanzo wa uzi wa hedi. Ndipo ugeuze uanze kufunga, kwa mpira huohuo. Ikienda sawa, inaingia duru baada ya duru bila kukubishia. Ikipinda, mpira unateleza kwenye kaure na kukataa kuzungusha. Spana haina adabu hiyo. Ukiona mpira unateleza, toa, safisha, anza upya.

Ikikaa chini kabisa kwa vidole, leta spana ile ya bomba iliyokuja na pikipiki. Plagi mpya, nusu duru, mshale wa dakika ukitoka namba 12 kwenda namba 6. Utahisi washa inabonyea. Plagi uliyoitoa kuisafisha tu, washa yake imeshabonyea, basi dakika tano za saa zinatosha, toka 12 hadi 1. Mwenye spana ya kupimia nguvu aiweke kati ya 15 na 20 za Nm (nyutoni mita, kipimo cha nguvu ya kukaza). Usiongezee bomba kwenye mkono wa spana. Ninyi vijana mna nguvu, na alumini haijali umekula nini. Kofia ya plagi ibonyeze mpaka isikike imeshika.

Kuhusu hedi mpya, usikimbilie. Mtafute fundi wa kukereza akuvishe bushi ya chuma yenye nyuzi ndani. Lakini hedi ishushwe kwanza. Akikwambia anaitoboa hapohapo juu ya injini, chukua pikipiki yako uondoke. Vumbi lote la alumini linaangukia kwenye silinda. Hedi mpya ni pale tu ambapo imepata ufa.

SWALI: Mimi ni mwalimu, Iringa vijijini. Plagi yangu inakuwa nyeusi tii kila baada ya wiki chache, masizi makavu. Dukani wameniambia nitoe namba 8 niweke 9 kwa kuwa ina moto zaidi. Nyumbani hadi shuleni ni kilomita mbili.

JIBU: Kamwene mwalimu. Wamekugeuzia somo. Kwenye plagi za NGK, namba ikipanda plagi ni ya baridi zaidi, maana yake inaupoteza moto haraka. Ukiweka 9 utazidisha masizi. (Bosch na Champion wanahesabu kinyume, namba kubwa ni ya moto zaidi, na nadhani hapo ndipo muuzaji alipochanganyikiwa.) Plagi huanza kujichoma masizi yenyewe ikifika nyuzijoto kama 450, na kilomita mbili asubuhi ya baridi ya huko hazifiki popote. Angalia kwanza mambo mawili: choki, kama unaisahau imevutwa hadi getini kwa shule, na chujio la hewa. Lipige mwanga wa jua. Usipouona ng'ambo, limeziba. Kisha Jumamosi moja ipeleke pikipiki mbali, nusu saa ya mwendo mzuri, uifungue uitazame tena. Rangi ya kahawia kama chai ya maziwa ndiyo tunayoitaka. Nyeusi yenye mafuta mabichi ni habari nyingine, ni ringi au sili za valvu, na plagi haina kosa.

SWALI: Fundi, niko Likoni, Mombasa. Hewa ya chumvi inagandisha plagi yangu. Nipake grisi kwenye nyuzi?

JIBU: Usipake. Plagi nyingi za siku hizi nyuzi zake zimepakwa madini meupe yanayozuia kutu, na grisi inazifanya ziteleze. Unakaza ukidhani bado, kumbe umepitiliza. Fungua plagi kila baada ya miezi michache, futa nyuzi kwa kitambaa kikavu, rudisha. Iliyokwisha kuganda, idondoshee mafuta ya kulegeza kutu usiku, asubuhi ivute robo duru, irudishe kidogo, ivute tena, uende hivyo hivyo mpaka itoke. Ukisikia inalia, ongeza mafuta usubiri.