Barua kwa Rehema, kuhusu hasira

Mwanangu Rehema,

Sote wazima, baba yako anakusalimu. Umeniuliza kama ukali ni tabia ya mtu au ni hasira ya wakati ule tu, ukanieleza na habari za watafiti wanaopima ugomvi kwa uhalisia pepe, yaani miwani ya kompyuta inayokuingiza kwenye dunia ya kuigiza, ambako hakuna anayeumia. Utafiti wa London uliochapishwa 2013 nimeusoma mara mbili: wanaume 40, wote mashabiki wa Arsenal, waliingizwa kwenye baa ya kompyuta, mtu mmoja akaanza kumwandama mwingine. Anayeandamwa akiwa Arsenal mwenzao, waliingilia kati zaidi.

Basi nikamkumbuka mjomba wako Athumani. Unamjua, ukigusa redio yake nyumba haikaliki. Siku ile nauza kahawa na kashata mlangoni pa kibanda umiza, Arsenal wamefungwa na Chelsea, vijana wakamvamia mtoto mwenye jezi ya buluu. Wapole wetu wote wanaosifiwa mtaani walitazama tu. Aliyejitosa ni Athumani, na jezi yake ya Arsenal, anatetemeka mwili mzima kwa ghadhabu. Akazabwa kibao, asirudishe. Akamshika yule mtoto mkono mpaka kwao. Hadi leo nikikumbuka nafurahi kama jana.

Ndiyo maana nasema siku zote: hasira haina kosa, kosa ni la mkono.

Lakini ule wa Barcelona, wa 2018, umeninyima usingizi. Wanaume waliowafanyia wanawake ukatili walivishwa mwili wa mwanamke humo kwenye miwani, wakafokewa na mwanamume. Kabla ya hapo, uso wa mwanamke mwenye hofu walielekea kuuona una furaha. Baadaye wakaitambua hofu vizuri zaidi. Kumbe kosa huanzia machoni? Hapana, mkono ni mkono. Ila asiyeona kwamba unamwogopa, mkono wake atauzuia kwa lipi?

Salim wako hukumtaja, lakini mimi ndiye niliyekuzaa. Neno ninalo, liko mdomoni, na kulimeza kunaniwia vigumu. Mlete sikukuu ya Idi, akae na mjomba wako Arsenal wakicheza, nimtazame. Nawe niambie kweli: ukinyamaza kwa hofu, yeye hukuuliza nini?

Na kama ameshakuinulia mkono, usingoje Idi. Panda basi uje, nauli nitalipa huku.

Mama yako