Chumba cha Ambari au Chumba cha Kaharabu?

SWALI: Natafsiri maelezo ya watalii kuhusu Jumba la Catherine huko Tsarskoye Selo, karibu na St. Petersburg. Nimeandika hivi: "Chumba cha Ambari, ambacho kuta zake zimetiwa njumu ya ambari, kilitolewa kwa Mfalme Peter na Mfalme wa Prussia mwaka 1716." Mwenzangu mmoja anasema si ambari bali sandarusi. Mwingine anasema ni kaharabu, neno ambalo sijapata kulisikia. Nimfuate nani?

JIBU: Mfuate wa pili. Ni kaharabu, na neno hilo si geni kama unavyodhani: Biblia ya Muungano inalo katika Ezekieli 1:4, pale nabii anapoeleza rangi aliyoiona ndani ya moto.

Kaharabu ni utomvu wa miti ya kale uliokaa ardhini mamilioni ya miaka hadi ukawa mgumu mfano wa jiwe. Ile ya Bahari ya Baltiki, ambayo ndiyo iliyojengea chumba hicho, ina umri wa zaidi ya miaka milioni 40. Ambari ni kitu kingine kabisa. Hiyo hutengenezwa tumboni mwa nyangumi, huelea baharini, huokotwa ufukweni, na huishia kwenye manukato. Inanata kama nta na hulainika kwa nyuzi joto 60 hivi. Mtu wa pwani akisoma kwamba kuta nzima za kasri zilifunikwa kwa ambari atastaajabu mara mbili: kwa bei yake na kwa harufu yake.

Kosa lako lina historia, na si lako peke yako. Waarabu waliita kitu cha nyangumi ʿanbar, na Kiswahili kikalichukua neno hilo kwa maana hiyohiyo. Sauti ya n ikageuka m mbele ya b. Wazungu nao walilichukua, lakini wakalitumia kwa vitu viwili, hicho cha nyangumi na kaharabu, kwa kuwa vyote viwili hutupwa ufukweni na mawimbi. Wafaransa wakalazimika kutenganisha ambari ya kijivu na ambari ya manjano. Kwa Waingereza, neno tupu likabaki kwa ile ya manjano. Kwa hiyo mfasiri akiona amber kwenye Kiingereza, sikio linamvuta kwenye ambari, kumbe maneno hayo ni ndugu waliokwisha kugawana urithi.

Kaharabu nayo imetoka kwenye Kiarabu, ambacho kililitoa kwenye Kiajemi, na huko maana yake ni kinyakua makapi. Isugue kwenye kitambaa cha sufu kisha uisogeze karibu na vipande vidogo vya karatasi, vitaruka na kuing'ang'ania. Ndiyo sababu Waarabu wa leo huuita umeme kahrabaa.

Mwenzako wa sandarusi hakukosea kwa mbali sana. Sandarusi pia ni utomvu wa mti uliogandamana ardhini, nayo inafanana na kaharabu kwa rangi na hata kwa wadudu walionaswa ndani yake. Lakini ni ya msandarusi wa pwani yetu, na ni changa mno ikilinganishwa na kaharabu. Katika karne ya 19 ilichimbwa Mrima, ikapitia Unguja kwenda hadi Salem, Marekani, kutengenezewa vanishi. Kuiita kaharabu ya Baltiki sandarusi ni kubadilisha bidhaa na kubadilisha bara.

Sonara huvitofautisha hivi. Koroga gramu 50 za chumvi katika mililita 250 za maji, kisha tia kipande. Kioo na plastiki nyingi huzama, kaharabu huelea. Sandarusi nayo huelea, kwa hiyo usiishie hapo. Futa kipande, kikaushe, weka tone moja la asetoni upande usioonekana, kisha gusa kwa kidole: sandarusi hunata, kaharabu haibadiliki. Ambari haihitaji vipimo hivyo. Sindano ya moto ikiigusa, inayeyuka.

Sasa njumu. Hapa ndipo sentensi yako inapopotosha zaidi, ingawa hukuuliza. Kutia njumu ni kuchonga nafasi ndani ya mbao na kuzamisha humo pambo, hasa la fedha, mpaka uso uwe sawa. Mafundi wa Prussia, ufalme wa zamani wa Kijerumani, hawakufanya hivyo. Walikata kaharabu vipande vyembamba, wakavilinganisha kwa rangi, kuanzia njano ya asali hadi hudhurungi, kisha wakavibandika juu ya mbao za mwaloni, vikiungana ubavu kwa ubavu. Kitenzi chako ni kubandika.

Na kinyume chake, kubanduka, ndicho kinachoeleza mkasa wote wa chumba hicho. Mbao hutanuka na kusinyaa kadiri joto na unyevu unavyobadilika, lakini kaharabu haiendi nazo. Baada ya miaka mingi gundi hushindwa, vipande vinabanduka, na kaharabu yenyewe inakuwa kavu na kumeguka kwa urahisi. Mwaka 1941, majeshi ya Ujerumani yalipokaribia, watunzaji wa jumba walijaribu kuzitoa mbao hizo wakaona kaharabu inapukutika mikononi. Wakaziacha ukutani, wakazifunika kwa karatasi. Wajerumani hawakudanganyika. Walizing'oa kwa muda wa saa 36 tu na kuzipeleka Königsberg, mji ambao leo ni Kaliningrad, na baada ya vita hazikuonekana tena. Chumba ambacho watalii wako watakiona kilianza kutengenezwa upya mwaka 1979 na kikafunguliwa 2003, St. Petersburg ilipotimiza miaka 300. Maelezo yako yaseme hivyo. Mtalii ana haki ya kujua kwamba anaangalia kazi ya mafundi wa jana.

Tena, mwaka 1716 hakuna aliyetoa chumba. Friedrich Wilhelm wa Kwanza alitoa mbao zilizokwisha kubandikwa, zikasafirishwa kwa makasha. Chumba cha Tsarskoye Selo kilipatikana baadaye sana, pale Elizabeth, binti wa Peter, alipoamuru mwaka 1755 zihamishiwe Tsarskoye Selo. Ukumbi wa huko ulikuwa mkubwa kuliko mbao, kwa hiyo msanifu Rastrelli alijaza nafasi kwa vioo.

Kuhusu vyeo, usiwaite wote wawili mfalme ndani ya sentensi moja, msomaji atachanganyikiwa. Mtawala wa Prussia ni mfalme. Peter mwaka 1716 alikuwa bado tsar, cheo cha kale cha watawala wa Urusi, na ni 1721 ndipo alipojitwalia cheo cha imperator, ambacho Kiswahili tayari kina neno lake la Biblia, Kaisari. Andika tsar, si czar, kwa kuwa Warusi hulianza neno hilo kwa herufi moja tu inayotamkwa ts. Kuwa mwangalifu pia na malkia, neno linalobeba mke wa mfalme na mwanamke anayetawala mwenyewe. Jumba lenyewe lina jina la Catherine wa Kwanza, mke wa Peter, ambaye baada ya mumewe kufa alitawala kuanzia 1725 hadi 1727, kwa hiyo alikuwa malkia kwa maana zote mbili. Wengi hudhani ni Catherine wa Pili. Mahali pa kubainisha, sema malkia mtawala.

"Kilitolewa kwa" nako kunanuka tafsiri. Kiswahili kina kutunuku na kuzawadia, na mtoaji anakaa vizuri mwanzoni mwa sentensi.

Ama upatanisho, kaharabu hufuata i-/zi-: kaharabu ya Baltiki, kaharabu imemeguka. Ukitaka kuhesabu, hesabu vipande. Usiandike makaharabu. Wala usilitumie kwa taa ya kuongozea magari ambayo Waingereza huiita amber, maana hiyo kila dereva anaiita ya njano.

Sentensi yako iwe hivi: "Mwaka 1716 Mfalme Friedrich Wilhelm wa Kwanza wa Prussia alimtunuku Tsar Peter mbao za ukutani zilizobandikwa kaharabu, nazo ndizo zilizokuja kuwa Chumba cha Kaharabu cha Tsarskoye Selo."