Jitu kubwa kuliko lipi?

Msomaji wa Morogoro anatafsiri hekaya za kale za Skandinavia. Anauliza: wale wanaoitwa jötunn, kwa wingi jötnar, awaite "majitu makubwa" au "mazimwi"?

Ndugu msomaji, kabla hatujafika huko kwenye barafu, hebu nikushike shati hapa hapa kwenye "majitu makubwa". Jitu ni mtu aliyevishwa ji- ya ukubwa. Ukubwa umo tayari. Kumwongezea "kubwa" ni kutia sukari kwenye asali. Nyumba ikizidi ni jumba, lakini waandishi wetu hawatosheki mpaka wajenge "jumba kubwa". Nyoka akizidi ni joka, nao wanakimbia "joka kubwa". Juzi nimesoma "jitu kubwa lenye umbo kubwa". Nikalikunja gazeti, nikaenda kunywa chai. Jitu dogo mmelionea wapi? "Jiji kubwa" nimeshasalimu amri, maana jiji siku hizi ni hadhi ya kutangazwa na serikali, nalo laweza kuwa dogo. Jitu halijatangazwa na mtu.

Na huko kwao ndiko "makubwa" yako yatakakokuumbua. Wengi wa jötnar hawasifiwi kwa kimo. Gerd alikuwa mrembo hata Freyr, mungu mzima, akampa mtumishi wake upanga wake ili akamposee. Skadi aliolewa na Njord, mungu wa bahari, baada ya kuchagua mume kwa kutazama miguu tu. Bestla, mama yake Odin mwenyewe, mkuu wa miungu, alitoka katika ukoo huo. Ni watu wa kuoana na miungu leo na kuuana nao kesho. Mwenye mwili hasa ni Skrymir: Thor, mungu wa radi, na wenzake walilala ndani ya glavu yake wakidhani ni nyumba, na chumba cha pembeni kilikuwa kidole gumba. Huyo ni jitu, nukta.

Zimwi je? Lina hoja. Wanaisimu wengi hulihusisha neno jötunn na kitenzi cha kale cha kula. Jötunn ni mlaji, na sisi tunasema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Kuhusu chanzo cha viumbe wenyewe, wako wanaoona ni baridi na milima iliyopewa sura, na wako wanaoona ni miungu wa zamani waliopinduliwa. Mimi hawa wa pili wananivutia zaidi, kwa sababu ugomvi wao na miungu unanuka urithi. Lakini zimwi letu halina mkwe wala shemeji, kwa hiyo nalo linapwaya.

Andika Mjotuni, Wajotuni, ulieleze neno mara moja, usonge mbele. Ila ukifika kwa Ymir, wa kwanza wao, aliyetokana na barafu iliyoyeyuka, akauawa na Odin na nduguze, damu yake ikawa bahari, mifupa ikawa milima na fuvu likatosha kuwa mbingu, haya, andika "jitu kubwa". Nitafumba macho. Huyo mmoja tu.