Ukipewa zamu ya kwanza, usimtaje simba

Masika ikishika, watalii hupungua na sisi madereva tunabaki mjini Arusha tukisikiliza mvua kwenye bati la gereji. Ligi yetu ya kupambanisha wanyama kwa maneno ilizaliwa hapo, mtaa wa Sakina, tukiwa tumekalia matairi chakavu ya Land Cruiser. Kila mtu anachagua wanyama watano kwa zamu. Vizibo vya soda vinaamua nani anapambana na nani, na kwenye uwanja gani. Mwamuzi ni mzee mmoja aliyewahi kuwa askari wa wanyamapori. Hakuna mnyama anayeguswa, ni midomo tu, ila supu ni ya kweli: anayeburuta mkia ananunulia kijiwe kizima supu na chapati. Mwaka wa kwanza nilinunua mimi.

Kikosi changu kilikuwa simba, chui, kiboko, mamba na koboko. Nilijiona nimemaliza mchezo. Kumbe nilichagua wanyama wanaotutisha sisi binadamu, na binadamu ni rahisi kuua. Hana ngozi ya maana, hana pembe, usiku haoni. Mnyama kuua mtu hakukuambii chochote kuhusu atakavyofanya mbele ya nyati dume wa kilo 700.

Koboko ndiye aliyeniumbua mapema. Sumu yake inashambulia mishipa ya fahamu, na mtu asipopata dawa anaweza kufa ndani ya saa chache. Nikampanga na tembo kwa mbwembwe zote. Mzee akaniuliza, "Hizo saa chache, kijana wangu, tembo atakuwa amekaa anasubiri?" Raundi iliyofuata koboko wangu akakutana na nyegere, ambaye nyoka wenye sumu kwake ni kitoweo, na mwili wake unahimili sumu kuliko wanyama wengi. Ngozi ya nyegere imelegea kiasi kwamba ukimkamata shingoni anajigeuza humo humo na kukung'ata. Machalii wa Chuga, yaani vijana wa hapa Arusha, humgombania kwa ile sifa yake nyingine, ya kulenga chini ya mkanda. Mimi namchukua kwa kazi ya nyoka tu. Mbele ya mnyama wa tani, ujasiri wa kilo kumi na kitu unaishia kwenye unyayo.

Kuhusu simba watu hunibishia sana. Sikiliza: mla nyama anaishi kwa mwili wake. Akivunjika taya au mguu, njaa inammaliza, kwa hiyo anapiga hesabu na mara nyingi anaacha. Nyati anaweza kuumia leo na kesho akaendelea kula majani. Niliwahi kuona pale Ndutu, alfajiri, simba vijana watatu wakimzunguka nungunungu. Yeye akawageuzia mgongo, akarudi nyuma kwa kasi. Mmoja akaondoka na miiba miwili kidevuni, akijisugua kwenye nyasi, na wenzake ghafla wakawa na shughuli nyingine. Tangu siku hiyo nungunungu hakosekani kikosini kwangu, na huwa anabaki mpaka zamu za mwisho kwa sababu hakuna anayemkumbuka.

Kabla hujataja jina lolote, uliza uwanja. Mamba wangu ana taya ambazo za simba hazifikii hata kidogo, lakini kizibo kilitoa nyika kavu, saa nane mchana. Mamba ni wa dakika chache. Akishatupa mapigo yake ya mwanzo misuli inachoka, na anahitaji muda mrefu kurudi sawa. Fisi alimzunguka tu mpaka akaisha. Kiboko naye, tani moja na nusu, meno ya nusu mita, mbio zinazokushinda wewe na mimi, akaangushwa na jua. Ngozi yake hailivumilii, ndiyo maana mchana anajichimbia majini na usiku ndio anatoka kula. Nililia rafu, mzee akaninyamazisha kwa kidole kimoja.

Halafu taja mnyama wako kwa ukamilifu. "Nachukua nyati" ni kauli ya mgeni. Sema: nyati dume mzee aliyeachana na kundi, yule mwenye matope anayefanya wapanda Mlima Meru waongozane na askari mwenye bunduki. Kwa tembo ni hivyo hivyo. Sema dume kijana aliye kwenye masti, kile kipindi cha ukali wa kutafuta majike, majimaji yanamchuruzika shavuni. Kule Pilanesberg, Afrika Kusini, miaka ya 1990, madume vijana waliokua bila wazee wa kuwaongoza waliua faru zaidi ya 40. Walitulia baada ya kuletewa madume wakubwa. Nilipoisoma hiyo kwa mzee, faru wa mpinzani wangu aliondolewa bila mjadala.

Sheria ikiruhusu kundi, kimbilia fisi kabla wengine hawajaamka. Hans Kruuk, mtafiti aliyewachunguza Serengeti na Ngorongoro miaka ya 1960, alionyesha kuwa fisi huwinda wenyewe, na kule kreta mara nyingi simba ndio waliokuja kupora. Majike ndio wakubwa na ndio viongozi, kwa hiyo usiseme "fisi dume" ukidhani umeongeza nguvu.

Mwaka jana dogo mmoja fundi umeme wa magari alimtaja mbu, akasimama kabisa kujipongeza. Tulibishana mpaka chai ikapoa. Mzee akaamua: kimelea cha malaria anachobeba huyo kinamsaka binadamu, tembo hakimhusu, na hata kwa binadamu homa inachukua wiki na zaidi kuanza. Dogo akalipa supu.

Jumamosi hii uwanja umeshatoka: maji ya kifuani, usiku. Zamu yangu ni ya tatu na tembo atakuwa ameshaondoka. Wote wanakumbuka jinsi kiboko alivyonifilisi, hawatamgusa.