Kabla ya kuingia korongo la jangwani, uliza mvua inanyesha wapi

Wanaoniomba ushauri kuhusu safari ya korongo la jangwani huanza na viatu au kamera. Mimi huwauliza kwanza habari za kiongozi: amewahi kuwarudisha wageni njiani? Akijigamba kwamba safari zake hazivunjiki, tafuta mwingine.

Hofu yangu ni maji. Korongo jembamba limechongwa na mafuriko, na bado ndiyo njia yake. Ardhi ya jangwa hainywi mvua upesi, hivyo ikinyesha nyanda za juu, maji yote hukimbilia kwenye mpenyo mliomo, hata kama anga juu yenu ni safi. Tarehe 12 Agosti 1997, watalii 11 walikufa namna hiyo katika korongo la Lower Antelope Canyon, jimboni Arizona, Marekani. Dhoruba yenyewe ilikuwa mbali, upande maji yanakotoka. Korongo hilo liko kwenye ardhi ya Wanavajo, mojawapo ya jamii za wenyeji asilia wa Marekani, na siku hizi huingii bila kiongozi aliyeidhinishwa. Eneo hilo hupata mvua za radi kati ya Julai na Septemba, kwa hiyo ukienda miezi hiyo uliza utabiri wa huko juu, si wa mlangoni tu. Uliza pia mtapandia wapi maji yakija. Safari ikiahirishwa, usimnunie mtu.

Kwenye gari la kuwapeleka korongoni, dereva mzuri utamjua mapema: kabla ya mchanga hushuka akapunguza upepo kwenye matairi, kisha huendesha bila kukanyaga mafuta kwa fujo. Kama tumbo lako ni jepesi, omba kiti cha mbele; wa nyuma kabisa ndio wanaorushwa. Vumbi huingia kila mahali, hivyo kamera ikae ndani ya mfuko uliofungwa.

Kutembea kwenye mchanga laini kunachosha kuliko umbali unavyoonyesha. Jasho hukauka kabla hujalihisi, ukadhani huna kiu. Mimi hunywa angalau nusu lita kwa kila saa ya kutembea, na zaidi jua likiwa kali. Kofia ni ya lazima, lakini beba na koti jepesi: asubuhi, ndani ya kuta, kunaweza kuwa na baridi kweli. Begi liwe dogo, maana pembamba utapita ubavu. Na tafadhali usichore jina lako ukutani. Jiwe la mchanga ni laini na alama hukaa miaka mingi.

Ukienda huko kwa Wanavajo wakati wa kiangazi, angalia saa. Wao husogeza saa mbele, ilhali sehemu nyingine za Arizona hazisogezi, na simu inaweza kuruka saa nzima ukiwa umekaa tu. Thibitisha na waandaaji wanatumia saa za upande gani.