Maswali ya Wasomaji: Ua, Tone na Lenzi

Maswali ya safari hii yote yanahusu picha za karibu: maua, umande na matone. Tumechagua manne.

Natumia lenzi ya makro (ya kupigia vitu vidogo kwa karibu) ya milimita 100. Napiga tone linaloning'inia kwenye ncha ya jani, nyuma yake nimeweka alizeti. Kwa macho naliona ua vizuri ndani ya tone, lakini kwenye picha kingo za tone ni kali na ua limefifia kama moshi. Lenzi yangu ni mbovu? (Msomaji, Arusha)

Lenzi yako ni nzima. Tone la maji nalo ni lenzi, tena yenye nguvu sana, na picha ya ile alizeti haikai ndani ya tone kama macho yanavyotuambia. Inaundwa mbele ya tone, upande wa kamera. Tone likiwa la duara, picha hiyo inakaa umbali unaokaribia kipenyo kizima kutoka katikati ya tone. Kwa hiyo tone la milimita 4 linaweka alizeti yako kama milimita 4 mbele ya zile kingo ulizozifokasi.

Milimita 4 zinasikika kama si kitu. Lakini ukipiga kwa ukubwa halisi, yaani kitu cha milimita 10 kichukue milimita 10 kwenye sensa (kipande cha kamera kinachopokea picha), sehemu inayotoka kali kwa f/8 haizidi milimita moja. Namba hii ya f ni ya tundu la lenzi: ikiongezeka, tundu linakuwa dogo. Ukikamata kingo, umeshalikosa ua.

Zima fokasi ya kujiendesha. Weka kamera kwenye tripodi, kuza picha kwenye kioo cha nyuma mara 10, fokasi kingo za tone kwanza, kisha rudisha kamera nzima nyuma taratibu, nywele kwa nywele, bila kugusa pete ya fokasi. Utaona kingo zinalainika na petali za alizeti zinajitokeza. Pigia hapo. Ukitaka vyote viwili viwe kali, piga picha 10 hivi ukisogeza kamera nusu milimita kila mara, kisha ziunganishe kwa programu ya kompyuta. Siku hiyo hakikisha hakuna upepo kabisa.

Mambo mengine mawili. Picha ndani ya tone huwa imepinduka juu chini, kwa hiyo alizeti yenye kikonyo iliyosimama itaonekana imening'inia. Ibane kichwa chini kwa kibanio cha nguo, sentimita 5 hadi 8 nyuma ya tone. Na mwanga uelekeze kwenye ua, si kwenye tone: tochi ndogo yatosha. Ua likiwa kivulini, tone litakuwa na giza hata ukilimulika vipi.

Nikinyunyiza maji kwenye majani yanatandazika tu, hayakai mviringo. Nifanyeje? (Msomaji, Morogoro)

Anza na chupa yako. Kama ilikuwa na sabuni, masalia kidogo tu yanatosha kuharibu kila kitu, kwa sababu sabuni inavunja ule mvuto unaolifanya tone lijikunje. Isuuze mpaka maji yasitoe povu hata ukiitikisa.

Kisha angalia jani. Jani la magimbi lina nta, na maji yanabingirika juu yake kama lulu. Ukilishikashika kwa vidole unaifuta ile nta, ndiyo maana sehemu uliyoishika inalowa. Petali ya waridi ndiyo tunayoipenda zaidi: uso wake una vinundu vidogo mno, tone linakaa mviringo juu yake na bado linanata, halianguki hata ukiigeuza petali. Kwa kazi ya matone hakuna ua linalosamehe kama hilo.

Matone yakikauka haraka, changanya gliserini ya duka la dawa na maji safi, nusu kwa nusu, na uyaweke moja moja kwa bomba la sindano la mililita 1. Yatakaa muda mrefu bila kukauka. Gliserini inapinda mwanga kuliko maji, kwa hiyo picha ndani ya tone inasogea karibu kidogo na tone, fokasi upya. Ukimaliza, suuza ua, maana gliserini inanasa vumbi.

Umande wenyewe ni bora kuliko vyote, ila unataka usiku mtulivu usio na mawingu, nawe uwe bustanini kabla jua halijapanda.

Nimenunua pete za kurefusha lenzi za bei nafuu, nazitumia na Canon EF ya milimita 50. Picha zote zinatoka na ukungu, na kamera haikubali kubadilisha apacha (tundu la lenzi). (Msomaji, Mombasa)

Pete hizo hazina nyaya za mawasiliano, kwa hiyo tundu la lenzi linabaki wazi kabisa, na ukali unakuwa mwembamba kama karatasi. Funga lenzi moja kwa moja kwenye kamera, weka f/8, bonyeza na ushikilie kitufe cha kuonyesha kina cha ukali (sehemu inayotoka kali), kisha itoe lenzi kwenye kamera ikiwa imewashwa na kidole kikiwa bado pale. Apacha itabaki f/8 hata ukiirudisha lenzi juu ya pete. Kwa lenzi za Nikon zisizo na pete ya apacha mambo ni kinyume: tundu linajifunga kabisa, unaona giza.

Kujua ukuzaji, gawanya unene wa pete kwa urefu wa fokasi: milimita 25 kwa 50 ni nusu ya ukubwa halisi, 50 kwa 50 ni ukubwa halisi, na hapo unabaki na robo tu ya mwanga. Usikimbilie f/22, kwa ukubwa halisi inafanya kazi kama f/44 na picha nzima inalegea.

Waridi jekundu kwenye simu linatoka kama doa la rangi, petali hazionekani. (Msomaji, Kigoma)

Rangi nyekundu imejaa kupita uwezo wa sensa ingawa picha haionekani nyeupe. Gusa ua kwenye kioo, kisha telezesha mwanga chini hadi mikunjo ya petali irudi. Piga kivulini au siku ya mawingu. Kama bado, sogea nyuma: kamera kuu ya simu nyingi haifokasi chini ya sentimita 10 hivi, na afadhali ukate kingo za picha baadaye kuliko kukaribia mno.